Mtu, Mahali au Onyesho: Uende Wapi Unapoutafuta Mshangao Wenye Kicho?

Mtu anayeona siku zake zimekuwa za aina moja, asione tena jambo la kumfanya asimame na kushika kinywa, kwa kawaida hupewa ushauri wa aina tatu. Mmoja humwambia asafiri akaone mahali pakubwa. Mwingine humwambia akasikilize kwaya au okestra, au akatazame mchezo ukichezwa na mabingwa. Wa tatu humwambia ayaache yote hayo, akakae karibu na mtu mwema au asome habari za aliyetenda makuu. Washauri wote watatu wana haki, lakini muda, nguvu na fedha za mtu hazitoshi kuwafuata wote kwa mkupuo, na kila njia ina inachodai na inachoacha. Makala haya yanaziweka njia hizo tatu bega kwa bega ili msomaji apime ipi inamfaa kwa sasa.

Hisia inayozungumziwa hapa, yaani mshangao wenye kicho, ina furaha ndani yake na ina hofu pia, ila haiishii katika mojawapo. Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani Dacher Keltner na Jonathan Haidt waliieleza kwa sifa mbili ambazo watafiti wengi wamezishika tangu hapo. Kwanza, mtu hukutana na kitu anachokiona kuwa kikubwa kumshinda, kiwe kikubwa kwa umbo, kwa uwezo au kwa wema. Pili, kitu hicho hakienei katika fikra alizokuwa nazo, hivyo humbidi azipanue ili kipate pa kukaa. Sifa ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi. Jengo refu linaweza kumpendeza mtazamaji lisimbadilishe hata kidogo, kwa kuwa alikwisha kujua kwamba majengo marefu yapo.

Vigezo vya kulinganishia

Nimetumia vigezo vinne. Cha kwanza ni aina ya ukubwa unaokutana nao. Cha pili ni kile unachodaiwa kabla hisia haijaja, zikiwamo gharama. Cha tatu ni kile kinachobaki baada ya hisia kupita. Cha nne ni hatari ya kila njia, jambo ambalo wapenzi wa kila njia hupenda kulikwepa. Sikuweka kigezo cha nguvu ya hisia yenyewe, yaani ipi inatikisa zaidi, kwa sababu hilo hutegemea mtu na saa aliyomo, na anayedai kulipima huwa anasimulia yaliyomkuta yeye tu.

Ukubwa wa namna gani

Mahali humkabili mtu kwa vipimo vya macho na mwili. Ukingo wa kasoko ya Ngorongoro, nchini Tanzania, uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingi hufunikwa na ukungu kiasi kwamba mgeni anayefika pale haoni mbele yake ila weupe. Ukungu ukiinuka, sakafu ya kasoko hujitokeza mita 600 hivi chini, eneo la kilomita za mraba zipatazo 260, na madoa meusi ambayo jicho lilikwisha kuyahesabu kuwa vichaka huanza kusogea: ni nyati. Kinachomshtua mtu wakati huo ni kutambua kwamba kipimo alichokuwa akikitumia hakifai, na kwamba umbali aliodhani ni wa kutembea kwa dakika chache ungemchukua nusu ya siku. Mahali palipojengwa na binadamu huweza kufanya vivyo hivyo kwa ustadi wa kukusudia. Katika Hagia Sophia ya Istanbul, jengo lililokamilika mwaka 537, kuba lenye upana wa mita 31 hivi, ambalo lilijengwa upya baada ya kuporomoka mwaka 558, limezungukwa na madirisha 40 kwenye kitako chake, na mwanga unaopenya humo hulifanya lionekane kama halikushikwa na ukuta wowote. Aliye chini anajua kwamba ni mawe na matofali, na hata hivyo macho yake yanakataa.

Onyesho lina ukubwa wa namna nyingine, ukubwa wa uwezo unaotendeka mbele yako wakati huohuo, ukiwa na uwezekano wa kushindikana hadi sekunde ya mwisho. Tarehe 18 Julai 1976, katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, Nadia Comăneci wa Romania, akiwa na umri wa miaka 14, alimaliza zamu yake kwenye nguzo mbili za viwango tofauti, na ubao wa matokeo ukaandika 1.00. Watazamaji walibabaika kwa muda, hadi walipoelewa kwamba ubao haukuwa umetengenezwa kuonyesha alama 10.00, kwani haikutarajiwa kwamba ingepatikana. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa ile sifa ya pili: hata chombo cha kupimia hakikuwa na nafasi ya kilichotokea.

Onyesho lina pia ukubwa wa wingi. Mwanasosholojia wa Ufaransa Émile Durkheim aliandika mwaka 1912 kuhusu ile jazba inayozuka watu wakusanyikapo kwa ibada au sherehe, kila mmoja akajihisi amebebwa na nguvu isiyo yake. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waimbaji wanapoimba pamoja, mapigo ya mioyo yao huelekea kupanda na kushuka kwa pamoja, kwa kuwa wimbo huwapangia pumzi. Kwa hiyo msemo wa kwamba umati ulipumua kwa pamoja si chumvi tupu.

Mtu naye ana ukubwa usioonekana kwa mtazamo wa mara moja. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake walipanda miche saba jijini Nairobi, na aliyepita karibu siku hiyo aliona akina mama wanapanda miti, basi. Kufikia mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, harakati aliyoianzisha ilikuwa imepanda zaidi ya miti milioni 30, naye alikuwa amepigwa na kutiwa mbaroni zaidi ya mara moja kwa kutetea misitu na viwanja vya umma. Ukubwa wa namna hii huhitaji masimulizi; ni lazima ujue yaliyotangulia na yaliyofuata ndipo miche ile saba ikushtue. Hata hivyo, Keltner na wenzake walipokusanya masimulizi ya watu kutoka nchi 26 kuhusu mambo yaliyowatia kicho, chanzo kilichotajwa zaidi kuliko milima, muziki au ibada kilikuwa wema na ujasiri wa watu wengine, tena wengi wao watu wa kawaida wasio na jina.

Unachodaiwa kabla

Mahali hudai mwili na muda, na pengine fedha nyingi. Lakini hapa ndipo watu hujidanganya, wakidhani kwamba umbali ndio unaoleta kicho. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, watafiti waliwapeleka wanafunzi kwenye kichaka cha mikaratusi mirefu iliyomo ndani ya chuo chao cha Berkeley, nchini Marekani, wakawaambia wayatazame mashina kwa dakika moja, huku wengine wakitazama jengo lililo jirani. Baadaye mtafiti aliangusha kalamu kana kwamba ni bahati mbaya, na waliotazama miti waliokota nyingi zaidi ili kumsaidia. Hakuna aliyekuwa amesafiri. Utafiti mwingine, wa mwaka 2020, uliwataka wazee watembee dakika 15 kila wiki kwa wiki nane. Baadhi yao waliambiwa wayaangalie mambo kana kwamba wanayaona kwa mara ya kwanza, na kila mmoja ajipige picha njiani. Kadiri wiki zilivyopita, katika picha za kundi hilo sura ya mpigaji ilizidi kuwa ndogo na mandhari ikazidi kuchukua nafasi, huku tabasamu likipanuka. Mahali, basi, hudai zaidi macho yaliyotulia kuliko nauli, ingawa nakiri kwamba kuna ukubwa ambao hauwezi kuletwa mlangoni na ambao ni lazima kuufuata uliko.

Onyesho hudai ujisalimishe kwa saa ambayo hukuipanga wewe. Huwezi kulisimamisha, kulirudisha nyuma wala kulikatiza kwa simu bila kulipoteza, na ni lazima ukubali kukaa na watu usiowajua, wenye vikohozi na minong'ono yao. Wapo wanaouliza kama rekodi haiwezi kutosha. Jibu langu ni kwamba inatosha kwa sehemu. Vinyweleo husimama hata kwa muziki wa kwenye kinasasauti, na uchunguzi wa ubongo wa mwaka 2001 uliotumia muziki ambao wasikilizaji waliuchagua wenyewe ulionyesha kwamba msisimko huo huamsha sehemu zilezile zinazohusika na raha nyingine kubwa za mwili. Kinachokosekana ni ule uwezekano wa kushindikana na ile jazba ya Durkheim. Anayetazama rekodi anajua kwamba aliye juu ya kamba alifika upande wa pili salama.

Mtu hana tiketi. Huwezi kuuwekea wema miadi kwamba utatokea saa kumi ukauone, na anayekwenda kumtazama mwenye sifa mara nyingi humkuta amechoka, au anazungumza mambo ya kawaida. Njia hii hudai subira ya kukaa karibu kwa muda mrefu, au ya kusoma maisha ya mtu kwa ukamilifu, pamoja na miaka ambayo hakuna aliyemjali. Hudai pia jambo ambalo njia nyingine hazidai: kuuweka wivu kando. Hakuna anayeuonea wivu mlima, lakini ni rahisi sana, tunaposimuliwa ujasiri wa mwenzetu, kuanza kutafuta kasoro yake ili tusijione tumepungukiwa.

Kinachobaki

Mahali huacha utulivu na hali ya kujiona mdogo bila kudhalilika. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu waliotiwa kicho, hata kwa video fupi, walijihisi wana muda zaidi na pupa yao ikapungua. Athari hii ni ya kweli lakini huchujuka, kwa sababu mazoea hufanya kazi yake, na anayeishi chini ya mlima huupita bila kuuinulia macho. Wengine hujaribu kuyashinda mazoea kwa kuongeza dozi, wakitoka kwenye maporomoko kwenda kwenye korongo na kutoka kwenye korongo kwenda kwenye kilele, wakiongozwa na ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kwa maoni yangu hiyo ni njia ya hasara, kwani kila kilichopo nyumbani huzidi kuonekana duni kadiri safari zinavyoongezeka.

Onyesho huacha kumbukumbu iliyo kali na fupi, lakini iliyogawanywa na wengine, na hilo ndilo thamani yake. Kupatwa kwa jua hufanana na onyesho ingawa hakuna mchezaji: lina saa yake, lina ukumbi na lina watazamaji. Wakati wa kupatwa kikamilifu kwa jua kulikoonekana Marekani tarehe 21 Agosti 2017, watafiti walichambua maandishi ya watu kwenye mtandao wa Twitter, wakakuta kwamba waliokuwa katika njia ya kivuli walitumia zaidi maneno ya kustaajabu, na pia walisema "sisi" zaidi ya "mimi", kuliko waliokuwa nje yake. Hapo hapahitaji maelezo marefu.

Mtu huacha deni. Haidt aliandika mwaka 2000 kuhusu hisia ya kuinuliwa moyo inayowajia watu waonapo tendo la wema mkubwa. Wengi husema huhisi joto kifuani, kisha hupata hamu ya kuwa watu bora na kuwasaidia wengine. Mlima haukuambii uwe mlima, na mpiga fidla stadi hakutarajii upige kama yeye, lakini aliyejitoa kwa ajili ya wengine ni binadamu kama wewe, mwenye woga wake na uchovu wake, na alichofanya kinabaki kikikuuliza mbona wewe hujafanya. Ndiyo maana njia hii hudumu kuliko nyingine, na ndiyo maana pia si kila mtu anayeitaka.

Ni vyema kukumbuka kwamba mipaka kati ya njia hizi si ya chuma. Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, akizungukwa kwa zamu na waongoza kasi 41, waliotazama walipata onyesho lenye ratiba na umati; waliokuwa wamefuatilia miaka yake ya mazoezi na nidhamu walipata kicho cha mtu. Mbio hizo hazikuandikwa kuwa rekodi rasmi ya dunia, lakini sidhani kama kuna aliyejali alipomwona akielekeza kidole kwa umati katika mita za mwisho.

Hatari zake

Hatari ya mahali ni ya aina tatu, na mbili kati yake ni nyepesi. Ya kwanza ni kuvunjika moyo, pale mtu aliyekwisha kuona picha elfu moja anapofika na kukuta kitu anachokijua tayari. Ya pili ni ya mwili: ukingo ni ukingo, na anayerudi nyuma hatua moja ili kupata picha nzuri huenda asipate hatua ya pili. Ya tatu ni nzito zaidi, kwamba ukubwa wa maumbile unaweza kutisha kuliko kutuliza. Utafiti wa mwaka 2017 ulitenganisha kicho cha kawaida na kile kinachoambatana na tishio, kama cha tufani, ukaona kwamba hiki cha pili huongeza hali ya kujiona huna uwezo wowote. Mtu ambaye tayari amelemewa na wasiwasi asipelekwe kutazama bahari iliyochafuka kwa matumaini kwamba itampoza.

Onyesho lina hatari ambayo haisemwi vya kutosha, nayo ni kwamba jazba ya umati haiulizi imeitwa kwa ajili ya nini. Katika mikutano ya chama cha Nazi mjini Nuremberg katika miaka ya 1930, mbunifu Albert Speer alielekeza angani taa kubwa za kumulikia ndege, zaidi ya 100, zikauzunguka uwanja kwa nguzo za mwanga, na walioshuhudia, hata wageni, waliusifu utukufu wake. Mwili ulisisimka kwa namna ileile unavyosisimka kwa kwaya. Kwa hiyo anayechagua njia hii ajizoeze kuuliza, siku ya pili, ni nani aliyenufaika na msisimko wake.

Kuhusu mtu, hatari ni kumgeuza kuwa sanamu, kisha ama kumtii bila kufikiri ama kuvunjika vibaya anapokosea. Mwezi Novemba 1978 zaidi ya watu 900 walikufa huko Jonestown, Guyana, wakiwa wafuasi wa mhubiri ambaye wengi wao walimwendea kwanza kwa sababu ya wema waliouona kwake. Kuna kipimo kimoja ninachokiamini: mtu mkubwa huvumilia kuulizwa maswali na hukubali kwamba wewe uondoke. Anayekasirikia swali, kaa naye mbali, hata kama maneno yake yanakutoa machozi. Kwa maisha ya waliokwisha kufa hatari hii hupungua, kwa kuwa hawawezi kukuomba chochote.

Ipi kwa hali ipi

Kwa jumla, mahali panamfaa aliyechoshwa na watu na anayehitaji kunyamaza. Onyesho linamfaa aliye mpweke lakini hana nguvu ya mazungumzo, kwa kuwa humpa ushirika bila kumtaka aseme neno. Na mtu anamfaa anayetafuta mwelekeo, hasa aliye njia panda katika kazi au maisha. Yafuatayo ni kwa hali mahususi zaidi.

Ukiwa na siku moja tu na fedha kidogo, usifunge safari. Tafuta mti mkubwa au anga la usiku lisilo na taa, ukae hapo zaidi ya unavyoona inatosha, simu ikiwa imezimwa. Ukiwa na fedha za safari moja kubwa kwa miaka kadhaa, chagua mahali ambapo hujazitazama sana picha zake, upange siku za ziada kwa ajili ya ukungu na mvua, na usijaze maeneo matano katika juma moja.

Ukiwa umefiwa, ningekushauri uanze na muziki wa moja kwa moja katika ukumbi mdogo, kwa sababu giza la ukumbi linakuruhusu kulia bila kuulizwa. Mahali pakubwa paache kwanza; penye upweke mwingi panaweza kuuzidisha ule ulio nao. Lakini wapo ambao bahari au mlima ndio uliowasimamisha tena, na ukijua kwamba wewe ni wa namna hiyo, fuata unachokijua.

Ikiwa umekata tamaa na binadamu, jambo ambalo siku hizi si geni, mlima utakupumzisha lakini hautakuponya ugonjwa huo. Hapo nenda kwa watu, tena walio karibu na wasio maarufu: muuguzi wa zamu ya usiku, au jirani anayemtunza mzazi asiyemkumbuka tena jina. Omba kufanya kazi kando yao kwa muda badala ya kwenda kuwatazama.

Ukimchagulia mtoto, mpeleke kwenye mazoezi kabla ya kumpeleka kwenye onyesho lenyewe, amwone mcheza sarakasi akianguka kwenye mkeka na kuinuka, ili baadaye ajue kile anachokiona kimetoka wapi. Na kwa asiyeweza kutoka nyumbani, awe mgonjwa au mlezi wa mgonjwa, rekodi moja aliyoichagua mwenyewe na kuisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kufanya kazi nyingine itamfaa kuliko video nyingi fupi za milima, na kama kuna mtu aliyewahi kumstaajabisha kwa wema na bado yu hai, anaweza kumpigia simu na kumwomba amsimulie ilikuwaje.